Kidudu Kilichoutaka Mguu wa Mama

Bakteria wa hospitali hupenda damu ya kondoo, na Garsen kondoo si kitu cha kutafuta. Siku ya mnada unawasikia kabla hujawaona. Mimi ni mtu wa maabara, na moja ya kazi zangu ni kwenda pale mnadani na chupa safi yenye gololi ndogo za kioo ndani yake, nikamtafuta mfanyabiashara mmoja Msomali ambaye hukubali kunishikia kondoo nimtoe damu kidogo shingoni. Kondoo hafi. Huinuka, hujikung'uta, akarudi kwa wenzake kama mtu aliyetoka kwa kinyozi. Mimi narudi kazini nikiitikisa chupa njia nzima ili damu isigande, na watu wa stendi walishanizoea na kunicheka.

Mara ya kwanza yule bwana aliniuliza, "Dada, hii damu nani nakula? Sisi hapana kula damu."

"Wadudu," nikamwambia. "Nafuga wadudu."

"Wallahi? Serikali nalipa wewe kulisha wadudu?"

"Ndiyo."

"Na mimi ng'ombe yangu nakufa kwa kiangazi!" Alicheka mpaka akaegemea ua. Lakini kondoo alimshika, na tangu siku hiyo kila akiniona huuliza wadudu wangu wameamkaje.

Damu ile tunaichanganya na uji mzito unaotokana na mwani, tunaumimina kwenye visahani, unaganda. Juu yake napaka usaha wa mgonjwa kwa kijiti, naweka kwenye kabati la joto, na kesho yake natazama kilichoota. Watu hudhani maabara ni mambo ya mashine zinazolia. Sehemu kubwa ya kazi ni kungoja.

Mama aligongwa na bodaboda hapo Garsen, akiwa amekuja kunitembelea kutoka Chara, anakolima mpunga na migomba tangu kabla sijazaliwa. Mfupa wa chini ya goti ulivunjika ukatokeza nje ya ngozi. Akapelekwa hospitali kubwa ya mbali, akawekwa vyuma, kisha akarudishwa kwetu apone karibu na nyumbani. Hospitali ile siitaji na wala siilaumu, maana mdudu ninayemsimulia yuko katika hospitali za dunia nzima, za matajiri na za maskini. Baada ya muda kidonda kikaanza kutoa maji, halafu usaha, halafu harufu. Mama alisema ni joto tu. Mimi naijua ile harufu.

Mwenzangu wa maabara alijitolea kuupima ule usaha, akisema si vizuri mtu apime wa mamake. Nilimkatalia kwa ukali ambao hakustahili, nikapima mwenyewe. Asubuhi sahani ilikuwa imejaa vitone vyeupe vya kijivu, laini, vinavyong'aa, vimevimba vizuri kila kimoja. Nikachukua kidogo, nikakipaka rangi, nikaweka chini ya hadubini. Walikuwa wafupi, wa waridi, wamekaa wawili wawili. Asinetobakta. Wataalamu waliompa jina hilo walikusudia kusema kwamba yeye haendi, kwa kuwa hana mkia wa kuogelea kama bakteria wengine. Na ni kweli hana. Asiyekwenda huyo ameizunguka dunia.

Hatua ya pili ni kumjaribu kwa dawa. Unamtandaza kwenye sahani nyingine, unapanga juu yake vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Dawa ikifaa, kesho yake utaona duara tupu limeizunguka karatasi, kiwanja ambacho bakteria hawakuthubutu kukanyaga. Nilipanga karatasi zote nilizokuwa nazo, hata za zile dawa ambazo daktari huandika akiwa ameishiwa. Nilipofungua kabati sikuona duara hata moja. Walikuwa wameota hadi kwenye ukingo wa kila karatasi, bila haraka, bila kusita.

Niseme kweli: kabla sijaogopa, nilistaajabu. Nilisimama pale na sahani mkononi, nimeshikwa na uzuri wa jambo lile, jinsi kiumbe kisichoonekana kwa macho kilivyozipita dawa zote ambazo binadamu wamezihangaikia, kikaendelea kula. Hofu ilikuja baadaye kidogo, nilipokumbuka usaha ulikuwa wa nani. Hapo nikajionea haya, nikakaa chini.

Nina rafiki niliyesoma naye chuoni, ambaye sasa anafanya kazi kusini, mahali wanaposoma jenomu za vijidudu. Jenomu ni maandishi yote ya urithi wa kiumbe, herufi kwa herufi. Nilimpelekea vitone vyangu vimefungwa inavyotakiwa, na alipomaliza kuvisoma akanipigia simu ya video. Hakusalimu hata kidogo, jambo lisilo la kawaida kwake.

"Mwenzangu," akasema, "umekaa? Hebu tazama."

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na mchoro wa pete. Maandishi ya mdudu huyu yana herufi karibu milioni nne, na hayana mwanzo wala mwisho, yamejikunja yakashikana. Rafiki yangu alipeleka kidole mahali pamoja kwenye ile pete, palipojaa rangi nyingi.

"Hapa si kwake. Hiki kipande kimetoka kwa bakteria wa aina nyingine. Na hiki pia. Na hiki, kwa mwingine kabisa. Ameokota, ameokota, ameokota, akavishona pamoja."

Akanieleza. Jeni moja hutengeneza mkasi unaoikata dawa vipande kabla haijagusa kitu. Nyingine ni ya pampu, dawa ikiingia inatapikwa nje. Nyingine imebadilisha pale mahali ambapo dawa ingeshika, basi dawa inafika na haina pa kushika. Baadhi ya maandishi haya aliyachukua kwa wafu: bakteria mwenzake akifa akapasuka, maandishi yake humwagika, naye huyanywa na kuyasoma. Mengine alipewa na walio hai. Kwetu Chara, mtu ambaye moto wake umezimika huenda kwa jirani na kigae, akapewa kaa, na aliyetoa hapungukiwi kitu. Wao hufanya vivyo hivyo, hata kwa jirani asiye wa kabila lao, na hawaulizani kwanza walikosana lini.

"Na usidhani ni mambo ya juzi," akaongeza. "Ule mkasi ulikuwako kwa ndugu zake kabla mtu hajameza kidonge cha kwanza."

Hapo ndipo mwili ulinisisimka. Dawa zetu nyingi tuliziiga kwa viumbe vya udongoni, ukungu na bakteria, ambao wamekuwa wakitupiana sumu na kujikinga nayo tangu kabla hapajakuwa na mguu wa kuvunjika. Sisi tumeingia vita hivyo majuzi tu, tukadhani tumevianzisha. Nilifikiria mama akiwa amezama magotini katika tope la mpunga, mwaka baada ya mwaka, na vita vyote hivyo vikiendelea kati ya vidole vyake vya miguu bila yeye kusikia hata mlio. Nililia, na sikujua kama ni kwa uchungu au kwa ukubwa wa jambo lenyewe.

"Kuna moja," rafiki yangu akasema kabla hajakata simu. "Ile ya zamani isiyojaribiwa kwa karatasi, iliyowekwa kando kwa kuwa inaumiza figo. Sioni jeni ya kuizuia. Jaribuni hiyo."

Daktari wetu wa upasuaji si mtu wa maneno mengi. Alinieleza mimi na mama kwa pamoja, na namshukuru kwa hilo. Mdudu alikuwa amevivika vile vyuma utando, na ndani ya utando dawa haifiki. Ilibidi vyuma vitolewe, mfupa ukwanguliwe, mguu ushikiliwe na fremu ya nje, na mama apewe ile dawa ya zamani huku figo zikichungwa. Halafu atachukua kipande kidogo cha mfupa na kukileta maabara.

"Akiota tena," akasema, "nitakata juu ya goti. Sitangoja aingie kwenye damu."

Daktari alipotoka, mama aliuliza maswali yake. Nilidhani atauliza juu ya mguu.

"Huyu mdudu anakula nini?"

"Karibu chochote, mama."

"Na akiwa hayuko kwangu, anakaa wapi?"

"Kwenye vyuma vya kitanda. Pazia. Simu. Mikononi. Anaweza kukaa mahali pakavu wiki kadhaa, bila tone la maji, akingoja."

"Bila maji?" Mama ni mtu wa mto, maisha yake yote yamekwenda kwa kujaa na kupungua kwa Tana. "Basi huyo si mdudu. Huyo ni ngamia."

Nilicheka, naye akacheka, na fremu haikuwepo bado kumzuia kutikisika.

Akahamishiwa chumba cha peke yake, na kila aliyeingia ilimpasa avae glavu na aproni. Kumtenga mdudu ni rahisi kuandika ukutani. Kuwatenga watu wetu ni kazi nyingine. Kwetu huingii wodini ukamwona mgonjwa wako peke yake ukatoka. Unaanza kitanda cha mlangoni, unampa mgonjwa mkono, unampa pole, unakwenda cha pili, cha tatu, hata kama humjui, awe Mpokomo, Muorma, Msomali au Mgiriama. Ukimruka mtu, umemtukana, na habari zitafika kwenu kabla yako. Ni adabu nzuri na mimi naipenda. Ila sijui ni chombo gani cha usafiri ambacho kingemfaa zaidi kiumbe asiye na mkia.

Basi wakaja kina mama wa Chara, wamejaa pikapu, na mbele yao mama mkubwa, dada yake mama, mwanamke ambaye hata chifu humsikiliza. Walipitia wodi kubwa kwanza, kitanda kwa kitanda, mkono kwa mkono, kisha wakaja kwenye chumba cha mama. Nikasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama mkubwa. Tafadhali, leo tumsalimie kwa mdomo tu, kutoka hapa."

"Marahaba. Kwani dada yangu ana ukoma?"

"Hapana."

"Amelaaniwa?"

"Hapana, mama mkubwa."

"Basi ondoka mlangoni."

"Siondoki."

"Umesoma wewe mpaka ukasahau kusalimu watu."

"Na nyinyi mtasalimu mpaka mumzike!"

Neno likitoka halirudi. Wale kina mama wakatazama chini. Mama mkubwa alikwenda akakaa barazani, akageuza uso upande wa barabara. Kutoka ndani nilimsikia mama akiniita kwa sauti ile aliyokuwa akiniita nayo nikiwa mdogo nimemwaga kitu.

Nilikwenda maabara nikiwa nimewaka. Hasira yangu haikai sana, ila ikiwapo huwa inatafuta kitu cha kufanya. Nikachukua kisahani kipya cha damu ya kondoo, nikarudi barazani, nikapiga goti mbele ya mama mkubwa.

"Nisamehe. Nimekukosea adabu. Nipe mkono wako."

Alinipa, akidhani namwomba radhi. Nami radhi niliiomba, kweli kabisa. Kisha nikamwomba agandamize ncha za vidole vyake kwenye kile kisahani, taratibu. Akanitazama kama mwendawazimu, lakini akafanya.

Kesho yake alikuwa bado Garsen, amelala kwa binamu, kwa sababu hakuwa mtu wa kuondoka akiwa ameshindwa. Nikamletea kisahani kimefungwa kwa utepe pande zote. Vidole vyake vilikuwa vimechapwa pale, kila kimoja mahali pake, lakini vimeota: vitone vya manjano, vyeupe, vidogo, vikubwa, na katikati yake vile vya kijivu vinavyong'aa. Nilikuwa nimeshavipima. Alikuwa yule yule.

"Hii ni mikono yangu?"

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Nilinawa asubuhi ile."

"Ulinawa kabla ya kuwasalimu watu wa wodini."

Akakileta kisahani karibu na macho. Nilitegemea achukizwe. Badala yake uso wake ukalegea, ukawa uso wa mtu anayetazama mtoto mchanga.

"Katika hiki kitone kimoja wako wangapi?"

"Wengi kuliko watu wote wa kaunti hii."

"Na wamezaliwa tangu jana?"

"Tangu jana."

Akaziba mdomo kwa kiganja, akakumbuka, akakiondoa haraka. "Mungu ana kazi," akasema. "Na mbona wazuri?"

Sikuwa nimewahi kumsikia mtu asiye wa maabara akisema hivyo, na nilimpenda kwa neno lile kuliko nilivyowahi kumpenda. Tulikaa pale barazani, mimi na yeye, tukiwatazama wadudu wale, mpaka akashusha pumzi.

"Lakini sikiliza, mwanangu. Watu huwezi kuwanyima mikono. Watakuona una kiburi, na siku ukienda kula, wataingia. Mgeni hanyimwi mkono. Mgeni anaoshwa mkono."

Alikwenda dukani akarudi na birika, beseni na kipande cha sabuni, akavuta kigoda, akakaa mlangoni pa chumba cha mama kama mwenye karamu. Kila aliyekuja alinawishwa, kama tunavyomnawisha mgeni kabla ya chakula, na nani akatae heshima hiyo? Mama mkubwa alimimina maji polepole, na huku akimimina alisalimu. Habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za mvua, za yule mgonjwa wenu wa mwaka jana. Kwa muda wote wa salamu, mgeni alikuwa akisugua, maana ni aibu kuondoa mikono mwenye kukunawisha hajamaliza kusema nawe. Niliangalia saa kisirisiri. Salamu zake zilikuwa ndefu kuliko muda tunaowafundisha wauguzi. Baadaye muuguzi mkuu akaomba birika na beseni nyingine kwa ajili ya wodi kubwa, na mama mkubwa akachagua mwenyewe nani wa kukaa nazo, akakataa wawili kwa sababu salamu zao ni fupi.

Vyuma vikatolewa. Dawa ikaanza. Niliipima damu ya mama kila asubuhi kuona figo zinasemaje, na kuna wiki uso wake ulivimba nikashindwa kula. Yeye alilala, mguu umeshikwa na ile fremu, akiniuliza ngamia amefika wapi. Usiku nilikuwa nikiwaza ile pete ya herufi milioni nne, na kwamba hakuna hata moja iliyomchukia mama yangu. Mdudu alitaka kuishi tu. Jambo hilo halikunituliza. Liliniongezea hasira, maana ukichukiwa angalau unajua pa kubishana.

Siku daktari alipoleta kipande cha mfupa, nilimpa mwenzangu. Mara hii niliogopa macho yangu, kwamba yangeona ninachokitaka. Alipanda, akafunga kabati, akaniambia nisiliguse. Asubuhi ya kwanza hakukuwa na kitu, akasema bado. Asubuhi iliyofuata akasema bado, kwa sababu bakteria aliyepigwa na dawa anaweza kuchelewa kuamka. Daktari alikuwa ameshatenga siku ya kukata, kwa tahadhari. Mama alijua siku hiyo. Kina mama wa Chara walijua, na walikuwa wakifunga na kuomba.

Muda wa kungoja ulipokwisha, mwenzangu alifungua kabati. Alinyoosha mkono na kisahani, akasema, "Tazama mwenyewe."

Nilikiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikakiinamisha huku na huku. Kilikuwa chekundu kitupu, laini, kama nilivyokimimina. Nikatafuta pembezoni. Nikatafuta kwa kioo cha kukuzia. Miaka yote nimelipwa kutafuta kilichoota, na sikuwa nimewahi kujua kwamba utupu una uzito.

Nikakatiza uani mbio hadi chumba cha mama. Mlangoni mama mkubwa alikuwa amekaa na birika yake.

"Mama mkubwa, nina habari!"

"Habari itangoja. Mikono."

"Lakini—"

"Mikono, mwanangu. Habari za huko maabara?"

Nikainama juu ya beseni nikasugua, machozi yakinidondokea kwenye sabuni, nikajibu salamu zote mpaka ya mvua. Ndipo akanipisha.

Mama alikuwa ameamka. Alinitazama usoni, akaweka mikono juu ya shuka, akangoja.

"Hakikuota kitu, mama."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Hawakati."

Nimeyasikia maneno hayo kinywani mwake mara nyingi katika maisha yangu, hakikuota kitu, mwaka mto ulipopita juu ya mpunga na mwaka ulipokataa kuja, na kila mara yalimaanisha njaa. Sasa aliyarudia mwenyewe polepole, kama mtu anayeonja chakula kigeni, mara moja, mara mbili. Kisha akaivuta shuka kando, akautazama mguu wake ndani ya fremu, mwembamba, wenye makovu, umepauka. Akaweka kiganja juu ya goti. Tangu siku ya ajali sikuwa nimemwona mama akilia, na sasa alilia kwa sauti, mpaka mama mkubwa akaacha mlango bila mtu.